Chai ya Watu Wawili

Moyo wangu ulianza vituko vyake alasiri moja, nikiwa nimeketi bila kufanya lolote. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kama ungenikamata shambani, kwenye mteremko, kikapu cha majani chai mgongoni, ningesema haya, uzee umefika. Lakini nimeketi kwenye kiti changu, nimekunja nne, nakunywa chai yangu, halafu kifuani kitu kinaruka kama kuku aliyetiwa ndani ya gunia. Kinaruka, kinanyamaza kidogo hadi najiuliza kama ndiyo basi, kisha kinapiga pigo moja zito na kuendelea kama kawaida.

"Wewe nini sasa?" niliuliza kwa sauti. Hakuna aliyejibu, maana nyumbani niko peke yangu.

Naishi upande wa juu wa Kianjokoma, kule ambako baridi huingia bila kubisha hodi. Nina shamba la majani chai, nina ng'ombe mmoja wa maziwa, na nina nyumba ya mawe ambayo mimi na mke wangu tuliijenga chumba baada ya chumba. Yeye tulimzika wakati wa mvua ndefu, mwaka uliopita. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuzungumza na vitu: ng'ombe, redio, sufuria. Sasa na moyo.

Mwanzoni nilisema ni gesi. Huku kwetu kila ugonjwa huanza kwa kuitwa gesi. Nikatafuna tangawizi, nikaacha maharagwe, na kile kitu kikaendelea kuruka vilevile. Siku nyingine kilikuja mara moja tu na kupotea. Siku nyingine kilirudirudi jioni nzima, na nikilalia ubavu wa kushoto nilisikia moyo ukigonga godoro. Basi nikaamua kwamba nina presha.

Lazima nieleze. Kwetu presha ni jina la kila kitu kinachotokea kati ya shingo na kitovu. Mtoto akianguka mtihani, mama yake ana presha. Bei ya majani ikishuka, kijiji kizima kina presha. Kwa hiyo nilipomwambia jirani yangu kwamba nina presha, hakuuliza swali hata moja. Alikwenda kwake akarudi na vidonge vyake mwenyewe, amevifunga kwenye kipande cha gazeti.

"Meza kimoja asubuhi na kimoja jioni," akasema. "Mimi vimenisaidia sana."

Ni mama mwenye roho safi, na mdomo wake haujui mlango. Nilivitia vile vidonge mfukoni na sikuvimeza, si kwa sababu nilikuwa na akili, ni kwa sababu sipendi kuamrishwa na mtu ambaye kuku wake wanakula sukuma wiki yangu. Ubishi nao una siku yake.

Nikaenda kwa kijana wa duka la dawa pale sokoni. Akanifunga kile kitambaa mkononi, kikavimba, kikapumua.

"Mzee, presha yako iko sawa kabisa. Natamani ingekuwa yangu."

Haiya! Nilihisi kama nimenyang'anywa kitu. Afadhali ugonjwa wenye jina. Nikamweleza tena, polepole, jinsi kinavyoruka, na yeye akaacha kucheka. "Basi ni moyo wenyewe, mzee. Mara nyingi si kitu kibaya, lakini mimi hapa siwezi kujua. Nenda Embu mjini wakupime kwa mashine. Na uende na mtu."

Uende na mtu! Utadhani watu wanauzwa pale pale sokoni, karibu na vitunguu.

Mtu ninaye, na ni mmoja. Binti yangu. Namwita mami, kwa kuwa alipewa jina la mama yangu. Anauza viazi na ndizi katika soko la Gakoromone, huko Meru mjini, na huko ndiko aliko mume wake na watoto wake. Baada ya mazishi alinikalisha chini akaniambia bila kupepesa macho: "Baba, nakuacha hapa kwa sababu umekataa kusikia. Lakini siku utakayougua, hata kama ni nini, nakuja na pikapu. Ng'ombe anauzwa, mlango unafungwa, unakuja kukaa kwangu." Naye si mtu wa kutisha bure. Hiyo tabia aliitoa kwa mama yake.

Basi nilikuwa nimebanwa. Nikisema, natolewa nyumbani kwangu. Nisiposema, labda nitakufa kwenye kile kiti na hakuna atakayejua mpaka ng'ombe aanze kulia. Nilinyamaza, na nikajipanga kufa kwa ustaarabu. Jioni nilimwekea ng'ombe majani ya kumtosha hadi kesho yake jioni. Nikaacha kutia komeo mlangoni, maana ule mlango ni wa mbao nzuri na sikutaka waje wauvunje kwa shoka. Nilikuwa naoga na kuvaa shati safi kabla ya kulala. Nikikumbuka sasa nasikia huruma, kama vile ninamkumbuka mtu mwingine.

Nilijaribu kuwaambia watu wa kanisa. Hapo ndipo lugha yetu iliponiponza.

Kwa Kiembu moyo ni ngoro. Lakini ngoro hiyo hiyo ndiyo huzuni, ndiyo hamu, ndiyo kinyongo, ndiyo mapenzi. Mke wangu alikuwa Mmeru, na kwao wanasema nkoro. Tulibishana juu ya ile herufi maisha yetu yote ya ndoa. Mimi nilimwambia anatamka kama mtu aliyekwamwa na mfupa. Yeye alisema mimi natamka kama mtu aliyeamshwa kabla ya kumaliza usingizi. Binti yetu alilelewa katikati ya vita hivyo na sijui yeye hutamka vipi.

Sasa nilipomwambia mzee wa kanisa kwamba ngoro yangu haitulii, alinishika bega akatikisa kichwa kwa uchungu. Wiki hiyo hiyo walikuja kundi zima. Waliimba, wakaomba Mungu aniondolee majonzi, wakanisihi nimsamehe yeyote niliyemwekea kinyongo. Nikawamiminia chai. Kisha mama mmoja akasafisha koo na kunieleza kuhusu mjane fulani wa kule Kiritiri, mtu wa mbuzi, mtulivu, hana maneno mengi.

"Mimi nasema ngoro ya nyama!" nikapaaza sauti. "Hii inayopiga! Nani amewaambia natafuta mke?"

Walitazamana. Wakaweka vikombe chini taratibu, wakaomba kwa kifupi, wakaenda. Baada ya siku hiyo tulisalimiana vizuri barabarani, ila hakuna aliyekunja kona kuingia kwangu. Chai yao ilibaki kwenye chupa na nikainywa mimi, maana mkulima wa majani chai hamwagi chai. Nimeamka gizani miaka mingi kuyachuma yale majani na siwezi kuyaona yakienda chini ya mgomba.

Na chupa lazima ijae. Hiyo ndiyo adabu ya nyumba zote za huku: chupa ya chai ikae mezani, ile kubwa, imejaa, moto, kwa sababu mgeni akibisha na ukamwambia ngoja nianze kuwasha moto, umeaibika. Mke wangu aliipika asubuhi, akaijaza tena mchana kama imepungua. Alikuwa na kipimo chake cha maji, maziwa na majani, mengi, mpaka rangi inakuwa kama udongo wetu. Alipoondoka nikashika sufuria yake na kipimo chake, nikaendelea.

Kilichonipeleka hospitali hatimaye ni asubuhi moja nikikamua. Moyo uliruka, ukaruka tena, ukaendelea kuruka, na mimi nikiwa nimeshika kiwele nikajiona nimeinamisha paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, ninasubiri. Ng'ombe alisimama tuli. Hakupiga teke, hakusogea. Nilipopata nafuu nilikuta machozi yamenitoka, na nikajua ninaogopa. Si kidogo. Nilikuwa ninaogopa sana kufa na mtu wa mwisho kunigusa awe ng'ombe.

Kwa hiyo nikaenda Embu mjini, mwenyewe.

"Umekuja na nani?" muuguzi akauliza.

"Nimekuja na miguu."

Hakucheka. Walinilaza, wakanibandika nyaya kifuani na miguuni, mashine ikachora milima yake kwenye karatasi. Wakatoa damu waangalie kama imepungua na kama ile tezi ya shingoni inafanya kazi yake. Kisha nikaingia kwa daktari, binti mdogo ambaye ningeweza kumpakata wakati mimi tayari nina mvi. Aliuliza maswali bila haraka.

"Ukipanda mlima na mzigo, moyo unaruka?"

"Hapana. Unangoja niketi."

"Umewahi kuzimia? Au kuhisi giza kama unataka kuanguka?"

"Hapana."

"Kifua kuuma? Kukosa pumzi?"

"Hapana."

"Kwenu kuna mtu aliyekufa ghafla akiwa bado kijana?"

"Kwetu tunachelewa kufa, daktari."

Akatabasamu kidogo. "Muguka? Miraa?"

"Kwa meno gani?"

"Chai?"

"Chai ninalima."

"Mzee, sijauliza unalima nini. Unakunywa kiasi gani?"

"Chupa moja kwa siku. Ile kubwa."

Kalamu yake ikasimama. "Mnakunywa wangapi?"

"Wawili," nikasema.

Sikuwa ninadanganya. Neno lilitoka lenyewe, jinsi mtu anavyotaja kijiji chake akiulizwa anatoka wapi. Wala sikusikia kwamba nimelisema.

Daktari akaandika, akafikiri. "Basi si nyingi mno. Mashine inaonyesha moyo unapiga vizuri, lakini haujaruka nikiuona. Kama si chai, na sioni sababu nyingine, sitaki kubahatisha. Nitakutuma kwa daktari wa moyo, uvae kifaa cha kurekodi mapigo siku nzima. Na leo sikuruhusu urudi kwako mpaka aje mtu wa kwenu nizungumze naye."

Nilishika simu nikaiangalia kama nyoka. Lakini yule binti alikuwa amekaza macho, na mimi nilikuwa nimechoka. Nikapiga Meru.

Binti yangu alifika mchana bado amevaa aproni ya sokoni, udongo wa viazi kwenye kucha. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nguvu. Alinishika mkono tukaingia kwa daktari, na daktari akamweleza yote, vizuri, kwa heshima, akamalizia hivi: "Wazee wetu wanapenda chai, lakini hawa wawili wanaigawana, kwa hiyo si mbaya sana. Ila umwambie na mama apunguze majani kidogo anapopika."

Nikahisi mkono wa binti yangu umekuwa baridi ndani ya wangu.

"Mama gani?" akauliza.

Daktari akatazama karatasi yake, kisha akanitazama mimi. Nje kuna mtu alikuwa anaita namba za wagonjwa, na niliomba aite yangu niondoke pale.

"Mama yake tulimzika," nikasema. "Ni mimi. Ninakunywa peke yangu. Yote."

Lilikuwa jambo ambalo kila mtu Kianjokoma analijua, hata kuku wa jirani, lakini mdomo wangu ulikuwa haujawahi kulisema. Peke yangu. Nilipolisema moyo ukaruka, pale pale, puu, nikamwambia daktari "Huo, huo!" naye akanishika kifundo cha mkono haraka na kusikiliza kwa vidole vyake. Akakaa hivyo muda mrefu.

"Nimeupata," akasema. Alikuwa amefurahi kweli, Mungu ambariki. "Unapiga mapema kabla ya zamu yake, kisha unapumzika, na pigo linalofuata linakuwa na nguvu. Hilo ndilo unalolisikia. Watu wengi wanalo, hata mimi nikikesha kazini. Sasa niambie ukweli wote. Unalala? Unakula?"

Nilisema ukweli wote. Kwamba jioni ninakunywa chai nasahau kupika. Kwamba silali vizuri. Kwamba nalala na shati safi. Hapo binti yangu alitoa mkono wake akafunika uso na aproni.

Daktari akavuta kiti karibu. Akasema bado atangoja majibu ya damu, na kile kifaa nitakivaa tukirudi, lakini hakuna haja ya kukimbizwa popote leo. Nipunguze chai kwa siku kadhaa, kidogo kidogo, nisiache ghafla kichwa kikanipasua. Nile jioni. Nisimeze dawa za watu, na hapo nikatoa kile kipande cha gazeti mfukoni nikakiweka mezani kama mtoto aliyefumaniwa. "Lakini," akasema, na akahesabu kwa vidole nikiangalia, "moyo ukienda mbio usitulie, au ukizimia, au kifua kikibana, au pumzi ikikatika, au ukianza kuruka ukiwa kazini mlimani, hapo husemi ni gesi, husemi ni presha, hungoji kesho. Unaita mtu na unakuja."

"Nitaita nani?" nikauliza. Sikuwa nimekusudia lisikike vile.

"Mimi," binti yangu akasema ndani ya aproni.

Tuliketi kwenye benchi la nje. Nilimngojea aanze habari ya pikapu. Nilikuwa na maneno yangu tayari: kwamba huwezi kumtoa mtu kwenye nyumba aliyoijenga kwa sababu ya chai, kwamba ng'ombe huyu hakubali mkono mwingine. Lakini aliuliza kitu kingine kabisa.

"Baba, kwa nini unapika ya kujaza chupa?"

"Sijui kupika ya mtu mmoja. Mama yako hakunifundisha."

Akacheka na kulia kwa wakati mmoja, makamasi yakamtoka, mwanamke mzima mwenye kibanda chake sokoni. Kisha akachokonoa udongo kwenye ukucha. "Kaa kwako," akasema mwishowe. "Lakini mlango utaufunga kwa ufunguo, na ufunguo mwingine utakuwa kwa jirani. Nitapiga simu asubuhi na jioni. Siku usiposhika, nakuja na pikapu na hatutazungumza." Nikakubali upesi kabla hajabadilisha mawazo. Hata habari ya jirani nilikubali, na wanajua wanaonijua hilo lilinigharimu nini.

Kabla ya kurudi Meru aliingia duka moja la vyombo akatoka na chupa ndogo ya chai. Ndogo, hebu fikiria, ya kubebwa na mtoto wa shule, ina picha ya twiga. Inajaa kikombe kimoja na kidogo juu.

"Nitaonekanaje na twiga mezani?" nikamuuliza.

"Utaonekana mzima," akasema.

Majibu ya damu yalikuja mazuri. Kifaa nilikivaa, nikarudi nacho, na daktari akasema ni yale yale ya kwanza, hakuna la kutisha. Nilipunguza chai siku baada ya siku kama nilivyoambiwa, mpaka ikafika siku ya kupika ya twiga. Nilipima maji kikombe, maziwa kidogo, majani kwa ncha za vidole. Kwenye ile sufuria kubwa ilikuwa aibu, imelala chini kama maji ya kuoshea kijiko. Nikaijaza chupa ndogo, na ile kubwa nikaiosha, nikaipangusa, nikaiweka juu ya kabati imefungwa mdomo.

Alasiri nikaketi kwenye kiti changu, nikamimina, nikanywa. Nikainua chupa nimimine tena, kama kawaida ya mkono wangu. Yakatoka matone. Chai ilikuwa imekwisha.

Tangu tumzike, chai haikuwahi kwisha katika nyumba hii. Ukimimina, ipo. Ukimimina tena, bado ipo, bado moto, kama vile aliyeipika yuko jikoni anaosha vyombo. Niliiweka chupa mezani nikalia, kwa sauti, sikujizuia, kwa sababu nani angenisikia?

Nikaweka mkono kifuani kwa woga, nikingojea kile kituko. Hakikuja. Moyo ulikuwa unapiga polepole, sawasawa, pigo kwa pigo, vizuri kabisa kama wa kijana. Daktari alisema kweli. Ngoro ile ya nyama haina neno.

"Nkoro," nikasema kwa sauti, kwa herufi yake. Na hakuna aliyenicheka.